Joseph Paxton na Joto la Kuazima

Ndizi inayotawala biashara ya kimataifa leo inaitwa Cavendish. Jina hilo halikutoka Kagera wala Uganda, ingawa huko ndiko watu wanakojua mgomba ni nini. Ni jina la ukoo wa makabaila wa Uingereza. Ndizi ililipata kwa sababu mgomba mmoja ulichanua na kuzaa Derbyshire, katikati ya England, mahali ambapo theluji huanguka na maji ya kwenye ndoo huganda. Aliyeuzalisha alikuwa mtunza bustani ambaye hakuwahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara hata siku moja. Huyo ndiye Joseph Paxton, na maisha yake yanatuhusu wanachuo kuliko inavyoonekana kwa haraka.

Paxton alizaliwa tarehe 3 Agosti 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, Bedfordshire, kwenye familia kubwa ya mkulima wa kawaida. Shule aliipata kidogo tu. Alipofika miaka 15 hivi alikuwa ameshaanza kibarua cha bustani kwenye mashamba ya wakubwa, na huko Battlesden ndiko alikochimba bwawa lake la kwanza. Mwaka 1823 akajiunga na bustani ya Horticultural Society huko Chiswick, pembeni mwa London. Kwenye daftari la usajili akaandika kwamba amezaliwa 1801, yaani akajiongezea miaka 2. Kumbe kuchezea umri hakukuanza na timu zetu za vijana.

Ardhi ya bustani ile ilikodishwa kutoka kwa William Cavendish, Duke wa 6 wa Devonshire, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Duke alikuwa na mlango wake wa kuingilia bustanini, akawa anapita na kuzungumza na vijana wa kazi. Masikio yake hayakuwa mazuri, na Paxton alikuwa anajua kuongea naye taratibu hadi wakaelewana. Mwaka 1826 Duke alihitaji mkuu wa bustani kwenye makao yake ya Chatsworth, Derbyshire. Akampa kazi kijana huyu ambaye hata miaka 23 alikuwa hajatimiza, kisha yeye mwenyewe akafunga safari kwenda Urusi. Hebu fikiria: bosi anakukabidhi moja ya bustani kubwa za nchi, halafu anaondoka.

Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1826 ndiyo asubuhi ambayo waandishi wa maisha yake hawaiachi. Paxton alifika Chatsworth saa 10 na nusu alfajiri, mageti yamefungwa. Akaruka ukuta. Akaizunguka bustani yote gizagiza, akakagua nyumba za mimea, na ilipofika saa 12 akawapanga wafanyakazi kazini. Akaagiza mifereji na chemchemi zifunguliwe aone maji yanavyokwenda. Kisha akaenda kunywa chai na msimamizi wa nyumba, ambako alimkuta mpwa wake, binti aitwaye Sarah Bown. Wakapendana palepale, na mwaka uliofuata wakaoana. Yote hayo yalitokea kabla ya saa 3 asubuhi, muda ambao wengine wetu bado tunajadiliana na mto kama tuende kipindi cha kwanza au tusiende.

Sarah tusimpite haraka. Alikuja kwenye ndoa akiwa na fedha zake, na akawa na kichwa cha hesabu. Miaka yote ambayo mumewe alikuwa akizunguka huku na huko kwa shughuli za Duke na za reli, yeye ndiye aliyebaki Chatsworth akiangalia kazi, malipo na barua. Wengi wanaomsimulia Paxton humtaja mama huyu kwenye harusi, halafu wanamsahau.

Sasa tuje kwenye mimea. Wakati ule matajiri wa Ulaya walikuwa na homa ya mimea ya nchi za joto. Meli zilikuwa zinarudi kutoka India, China, Guiana na visiwa vya Bahari ya Hindi zikiwa na mbegu na miche, na kila kabaila alitaka kuwa na kitu ambacho jirani yake hana. Mgomba ule wa Cavendish wenyewe asili yake ni China. Ulipitia Mauritius, ukafika England karibu na mwaka 1829, na Paxton akaupatia Duke mche wake. Ukachanua Novemba 1835, ukazaa, ukapata nishani, ukapewa jina la mwenye mali. Aliyekuwa anaumwagilia hakupewa jina la ndizi.

Tatizo la kulima mti wa joto kwenye nchi ya baridi ni rahisi kulitaja na gumu kulitatua. Kila shina la mnazi, mtende na wengi wa jamaa zao lina kitovu kimoja cha kukulia, pale juu kabisa katikati ya makuti. Mwembe ukivunjika tawi utatoa jingine. Mnazi kitovu chake kikigandishwa na barafu, basi, mti umekwisha. Kwa hiyo mtu wa Derbyshire anayetaka mitende hana nafasi ya kujaribu bahati yake hata kwa usiku mmoja. Ni lazima joto liwepo leo, kesho, na usiku wa manane wa Januari.

Jibu la Paxton lilikuwa nyumba ya kioo ambayo watu wakaiita Great Stove, yaani jiko kuu. Ujenzi ulianza 1836 ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1840. Msanifu majengo Decimus Burton alishiriki. Urefu wake ulikuwa kama mita 84, upana mita 37, kimo mita 20. Ndani mlikuwa na miti ya jamii ya mnazi, migomba na mabwawa ya mimea ya maji, na katikati ilipita barabara pana ya kutosha gari la farasi. Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1843, alipitishwa humo kwenye gari huku taa 12,000 zikiwaka.

Ukiliangalia paa lake ndipo unapomwelewa Paxton. Hakulilaza wala hakuliinamisha upande mmoja. Alilikunja kunja kama karatasi ya kupepea: tuta, mfereji, tuta, mfereji. Jua la asubuhi na la jioni, ambalo kule ni dhaifu, likawa linapiga kioo moja kwa moja na kuingia lote. Jua la mchana, ambalo lingeweza kuunguza majani, likawa linapiga kwa mshazari. Mbao za mifereji nazo zilichongwa ili zibebe maji ya mvua kwa nje, na kwa ndani zikusanye matone ya mvuke yasidondokee mimea. Hakuna mtihani uliomfundisha hayo. Aliyajua kwa kukaa na mimea na kuangalia inapougua.

Lakini paa pekee halikuleta joto. Chini ya sakafu kulikuwa na boila 8 na mabomba ya chuma ya maji moto yenye urefu wa takriban kilomita 11. Makaa ya mawe yaliletwa kwa vigari vilivyopita kwenye reli ndogo ndani ya handaki, ili wageni wa Duke wasione moshi wala vumbi. Juu, mabibi wenye magauni marefu wanatembea chini ya makuti. Chini, watu wanasukuma vigari na kuchochea moto usiku na mchana. Majina ya walioijenga na kuimiliki nyumba ile tunayo. Ya walioipasha joto hatunayo.

Na gharama haikuishia kwenye makaa. Mwaka 1835 Duke na Paxton walimtuma kijana wa bustani, John Gibson, kwenda India kutafuta mimea. Akarudi 1837 akiwa na shehena nzuri, na sifa zikaenea. Wakapata moyo, wakatuma vijana wengine wawili Amerika Kaskazini. Hao hawakurudi. Mwaka 1838 walizama kwenye mto Columbia, mbali na kwao kupita kiasi. Tunapotazama picha za bustani za Chatsworth na kusema zinapendeza, hao wawili nao wawe kwenye hesabu.

Mwaka 1844 Paxton alifanya kazi nyingine, ambayo naomba msomaji uikumbuke maana nitairudia. Duke alitarajia kutembelewa na Kaisari Nicholas wa Urusi, akataka chemchemi ya kurusha maji juu kuliko ile ya Kaisari mwenyewe. Paxton akapanda mlimani nyuma ya nyumba, akachimba bwawa la ekari 8, akateremsha bomba hadi chini. Wafanyakazi walichimba hata usiku kwa mwanga wa mienge, na kazi ikaisha kwa miezi 6 tu. Maji yakaruka karibu mita 90. Kaisari alifika Uingereza mwaka huo, lakini Chatsworth hakukanyaga. Chemchemi ikabaki na jina lake, Emperor.

Halafu likaja yungiyungi. Kwetu mayungiyungi tunayaona madimbwini na hatuyashangai. Hili la mito ya Amerika ya Kusini ni jingine kabisa: jani lake la duara linaweza kufika mita 2 na zaidi, lina ukingo uliosimama kama sinia, na upande wa chini limejaa miiba. Waingereza waliliita Victoria regia kwa heshima ya malkia wao. Leo wataalamu wanaliita Victoria amazonica. Bustani ya taifa ya Kew ilifanikiwa kuotesha mbegu kutoka Guiana, lakini ua halikuonekana. Tarehe 3 Agosti 1849, siku ambayo Paxton alikuwa anatimiza miaka 46, alichukua mche mmoja Kew akaupeleka Chatsworth kwa treni.

Alichofanya ni kuuliza mmea ule ulikuwa ukipata nini kwao. Kwao maji ni ya vuguvugu, basi akayapasha moto hadi karibu nyuzi 30. Kwao ni mtoni, maji hayalali, basi akaweka magurudumu madogo ya kuyachezesha. Kwao jua halina mchezo, basi akaliweka tangi mahali penye mwanga wote ambao Derbyshire ilikuwa nao. Majani yakawa yanaongezeka kila siku hadi tangi likaonekana dogo. Mwanzoni mwa Novemba, wakati nje siku zimeshafupika na baridi imeshaingia, tumba likatokea, na baada ya siku chache ua likafunguka. Hufunguka jioni likiwa jeupe na harufu ya nanasi, na usiku wa pili hugeuka rangi ya waridi. Wataalamu wa Kew walipanda treni kwenda kulitazama ua lililochanua kwa mtu asiye na cheti.

Siku moja Paxton akamchukua binti yake Annie, mwenye miaka 7, akamsimamisha juu ya jani. Jani halikuzama. Magazeti ya London yakachora picha ya mtoto amesimama juu ya maji kama wa kwenye hadithi, na nchi nzima ikasisimka. Lakini baba mtu alikuwa anaangalia chini ya jani. Kule chini kuna mbavu nene zinazotoka katikati kwenda ukingoni, na kati yake zimepita mbavu nyembamba za kuziunganisha, kama dari la nyumba lilivyofungwa kwa boriti na fito. Ngozi yenyewe ya jani ni laini, lakini mzigo unabebwa na mbavu. Mwaka 1850 akajenga nyumba mpya ya yungiyungi lile akiwa na jani kichwani: nguzo na boriti za chuma zibebe, kioo kifunike tu.

Mwaka huohuo London ilikuwa kwenye aibu. Maonyesho makubwa ya bidhaa za mataifa yalipangwa kufunguliwa Mei 1851 kwenye viwanja vya Hyde Park, na jengo halikuwapo. Michoro 245 ilipelekwa kushindanishwa, na hakuna uliokubalika. Kamati ikachora wa kwake wenyewe, jengo zito la matofali mamilioni, na watu wakaling'aka. Tarehe 11 Juni 1850, Paxton akiwa kwenye kikao cha shirika la reli mjini Derby, alichora wazo lake kwenye karatasi ya kukaushia wino. Ilikuwa ni nyumba ya yungiyungi iliyorefushwa. Baada ya siku 9 hivi michoro kamili ilikuwa tayari.

Jengo hilo ndilo Crystal Palace, yaani kasri la kioo. Urefu wake mita 563. Vipande vyote vilitengenezwa viwandani kwa vipimo vinavyofanana, vikaletwa uwanjani na kufungwa. Miti mikubwa ya Hyde Park haikukatwa, jengo liliifunika ikabaki hai ndani. Ujenzi ulianza katikati ya 1850, na tarehe 1 Mei 1851 Malkia alifungua maonyesho. Hadi yanafungwa Oktoba, watu waliyaingia zaidi ya mara milioni 6. Mtoto wa mkulima aliyechezea umri akapewa cheo cha Sir, na kuanzia 1854 hadi kifo chake alikuwa Mbunge wa Coventry.

Baada ya maonyesho jengo lilibomolewa, likasimamishwa upya kwa ukubwa zaidi huko Sydenham, kusini mwa London, likafunguliwa 1854. Paxton akalijaza mimea ya joto. Mti mmoja mkubwa wa jamii ya mnazi ulivutwa na farasi 32 kupita mitaa ya London hadi kule, watu wamejipanga barabarani kama wanapokea timu ya taifa. Hapo tena yakafuata mabomba, boila na makaa. Paxton alifariki Sydenham tarehe 8 Juni 1865, akazikwa Edensor, kijiji cha jirani na Chatsworth. Mwaka uliofuata, Desemba 1866, moto ukateketeza upande wa kaskazini wa kasri, ule uliokuwa na mimea ya joto. Jengo lenyewe likaungua lote usiku wa tarehe 30 Novemba 1936.

Na ile Great Stove? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopiga, makaa yakahitajika kwingine na vijana wa kuyachochea wakaenda vitani. Boila zikazimwa. Baridi ikaingia, na miti iliyokuwa imelelewa miaka mingi ikafa. Mwaka 1920 nyumba ikalipuliwa kwa baruti. Ilikuwa imara kiasi kwamba ilibidi kujaribu zaidi ya mara moja, na aliyeilipua ni mjukuu wa Paxton mwenyewe, Charles Markham. Leo mahali pale pamepandwa ua wa miti wenye vichochoro vya kupoteana, watoto wanacheza.

Sasa turudi kwenye lile bwawa la mlimani. Chemchemi ya Emperor bado inaruka. Haihitaji boila wala makaa, kwa sababu maji yanateremka kwa uzito wake kutoka juu. Mtu yuleyule, bustani ileile, pesa zilezile za Duke. Kazi moja aliijenga juu ya mteremko ambao tayari ulikuwepo, ikadumu. Nyingine aliijenga juu ya joto la kuletwa kwa vigari, ikafa siku vigari viliposimama. Wahenga wetu walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na joto la kuazima nalo ni hivyohivyo.

Nadhani kila chuo chetu kina Great Stove yake. Ni ile maabara iliyofunguliwa kwa ngoma na mkanda wa kukata, mashine zinang'aa, wafadhili wamepiga picha. Baada ya miaka 5 mradi unaisha, kemikali zinaisha, fundi aliyefundishwa anapata kazi kwingine, na mlango unafungwa kwa kufuli. Hatukukosa kioo. Tulisahau kuuliza nani ataleta makaa mwaka wa 6, na anaitwa nani. Siku ya uzinduzi swali hilo linaonekana la mtu mwenye kisirani, lakini ndilo swali la Januari usiku wa manane.

Hata hivyo si haki kumwacha Paxton kwenye majivu. Majengo yake mawili makubwa hayapo, ila alichojifunza kwa kuyahudumia kipo. Kujenga kwa vipande vilivyopimwa kiwandani na kufungwa uwanjani ni jambo ambalo leo tunaliona kila mahali, hata kwenye mabweni mapya. Migomba ya kundi la Cavendish imerudi kwenye nchi za joto, inazaa bila boila hata moja, na inakaribia nusu ya ndizi zote zinazolimwa duniani. Elimu aliyoitoa chini ya jani la yungiyungi haikuhitaji kupashwa joto ili iendelee kuishi. Na aliipata kwa kuinama, kugeuza jani na kutazama upande wenye miiba, wakati wengine wote wanatazama ua.